Zege Linavyozeeka: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara Arusha na Moshi

Maswali haya yametoka kwa wenye nyumba wa Njiro, Arusha, na Shanty Town, Moshi, walimu wakuu wenye mabweni ya ghorofa, wanafunzi wa uhandisi walio mazoezini, na mafundi wachache waliotaka kutubana mbele ya wateja. Anayejibu ni mhandisi mmoja wa majengo, kwa hiyo penye ubishi mlaumuni yeye. Hesabu zote zilizomo zinafanyika kwa kikokotoo cha simu.

Hivi kweli mnaweza kusema nyumba yangu itasimama miaka mingapi?

Tarehe hatutoi. Ukikutana na mtu anayekutajia mwaka ambao jengo litakufa, mwulize amepima wapi. Tunachoweza kusema ni hivi: kwa zege hili, nondo zikiwa kwenye kina hiki, na mvua ikipiga upande huu, uwezekano wa kutu kuwa imeanza ifikapo mwaka fulani ni kiasi hiki. Watabiri wa hali ya hewa nao hawakuambii mvua itaanguka saa ngapi kwenye kihamba chako. Wanakupa uwezekano, nawe unaamua uanike kahawa au uifunike.

Modeli ni nini hasa? Ni kile kijumba cha kadibodi?

Hapana, kijumba ni cha wasanifu. Modeli tunayoisema hapa ni kanuni ya hesabu inayofuatilia jambo moja linavyoendelea ndani ya zege mwaka hadi mwaka. Kwa kutu ya nondo, karibu zote zimesimama juu ya wazo lililochapishwa Uswidi mwaka 1982 na mtafiti Kyösti Tuutti, nalo ni jepesi kulielewa. Maisha ya zege lenye nondo yana vipindi viwili. Katika cha kwanza adui anasafiri kutoka uso wa zege kwenda kwenye nondo. Ndani nondo ni nzima, nje huoni chochote. Cha pili kinaanza siku adui anapofika: kutu inaota, inavimba, zege linapasuka, vipande vinadondoka. Kazi yetu yote ni kukadiria urefu wa kipindi cha kwanza na kasi ya cha pili.

Adui gani huyo, na sisi hatuna bahari?

Kwa watu wa Tanga na Dar es Salaam adui mkubwa ni chumvi. Kwetu ni hewa ukaa, hiihii tunayoitoa puani.

Zege jipya lina alkali kali, pH yake ni 12.5 au zaidi, na ndani ya alkali hiyo nondo inajivika utando mwembamba usiopitisha kutu. Hewa ukaa ikipenya kwenye vitundu vya zege inakutana na chokaa iliyomo na kuigeuza kuwa kalsiamu kaboneti. Zege lenyewe haliharibiki kwa hilo, pengine hata linakuwa gumu kidogo, ila pH inashuka chini ya 9 na ule utando wa nondo unavunjika. Tangu hapo nondo ni chuma cha kawaida tu. Kikipata maji na oksijeni, kinaliwa.

Badiliko hilo linatembea kutoka nje kwenda ndani kama mpaka, na mwendo wake unapungua kadiri mpaka unavyozama. Kina chake hukadiriwa kwa kuzidisha namba moja, tuiite k, na kipeuo cha pili cha miaka. Namba k ni sifa ya zege lako na mahali lilipo. Chukua jengo la miaka 36 ambalo tumelichimba tukakuta mpaka uko milimita 24. Kipeuo cha pili cha 36 ni 6, kwa hiyo k ni 4. Ukishakuwa na namba hiyo umeshapata nusu ya modeli, na hukuhitaji kompyuta.

Mhandisi, kila siku mnalalamikia kava. Milimita kumi zina nini?

Swali la fundi, na ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Kava ni zege linalofunika nondo. Tuendelee na lile jengo lenye k ya 4. Kava ikiwa milimita 30, mpaka utaifikia nondo baada ya miaka 56. Ikiwa 20, ni miaka 25. Ikiwa 15, ni miaka 14. Angalia tena 30 na 15: kava imepungua nusu, miaka imebaki robo. Ndivyo kipeuo cha pili kinavyotoza. Kwa hiyo fundi anayeinua nondo kwa vipande vya zege vilivyokatwa sawasawa, badala ya kuokota kokoto iliyo karibu na mguu wake, anaongeza umri wa jengo kuliko mimi na programu zangu zote.

Hapo hapo tuseme habari ya maji. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Kwa zege la nguzo, maji lita 25 kwa mfuko ni uwiano wa nusu, ambao ni mzuri. Ndoo mbili za lita 20 ni uwiano wa 0.8, na huo ni uji. Unamwagika vizuri kwenye boksi la mbao linaloshika zege, fundi anafurahi, lakini maji yale yakikauka yanaacha vijia ambavyo hewa ukaa itapita kwa miaka yote inayofuata. Halafu kuna kumwagilia. Slabu iliyomwagiwa wiki nzima na ile iliyomwagiwa siku mbili, kisha ikaachiwa upepo wa kiangazi, hazina k moja hata kama zimetoka kwenye mchanganyiko mmoja.

Wastani wangu unasema miaka 56. Mbona nguzo za nyuma zimepasuka na jengo lina 36?

Kwa sababu nondo haiishi kwenye wastani. Kava ya jengo zima ikiwa wastani milimita 30, ziko sehemu zenye 45 na ziko zenye 12, maana boksi lilisukumwa au ringi, yaani nondo nyembamba inayozifunga nondo kuu, ilikaa upande. Kina cha mpaka nacho hakilingani, upande wa mvua na upande wa jua. Tuseme kava inatawanyika kwa mchepuko (yaani kiasi ambacho vipimo kwa kawaida huachana na wastani) wa milimita 8 na kina kwa 5. Ukizichanganya hizo mbili unapata kwamba katika mwaka wa 36, karibu robo ya sehemu zote nondo zake zimeshafikiwa, ingawa wastani unakuahidi miaka 20 ya amani.

Hapa ndipo modeli nzuri inapoachana na mbaya. Mbaya inatoa namba moja. Nzuri inatoa mtawanyiko, na inakuacha uchague utavumilia kiasi gani. Mwongozo wa mwaka 2006 wa fib, shirikisho la kimataifa la wataalamu wa zege, unakubali takribani asilimia 10 ya uwezekano kwamba nondo imefikiwa mwishoni mwa umri uliokusudiwa. Kwa bweni la watoto naikubali, kwa ukuta wa choo cha nje ningevumilia zaidi.

Nami niliwahi kuumbuka. Miaka ya mwanzo nilikadiria bweni moja la Moshi nikitumia kava iliyoandikwa kwenye michoro, milimita 25, nikawapa wenyewe miaka mingi na tabasamu. Baadaye fundi bomba akatoboa bimu apitishe bomba. Kava ilikuwa kama unene wa simu. Tangu siku hiyo michoro naitumia kujua vyumba vilipo.

Ufa umeshatokea na kutu inaonekana. Tuhame?

Mara nyingi hapana, lakini usipake lipu ukajifanya hukuona.

Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kati ya mara 2 na 6 kutegemea aina yake, ndiyo maana inapasua zege mapema. Tuseme kifaa kinasoma mkondo wa kutu wa mikroampea 0.5 kwa sentimita ya mraba. Kwa kanuni ya Faraday, inayogeuza mkondo wa umeme kuwa kiasi cha chuma kinacholiwa, hiyo ni kama mikromita 5.8 za chuma kwa mwaka. Mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Baada ya miaka tisa hivi nondo imepoteza mikromita 50 kuizunguka, na kiasi cha namna hiyo kinaweza kabisa kupasua kava. Lakini kwa nondo ya milimita 12, hasara hiyo haifiki asilimia 2 ya chuma chake. Ufa wa kwanza, basi, ni mlio wa kengele.

Mambo matatu yanabadilisha jibu hili. Ufa unaokatiza bimu katikati, au ulio mshazari karibu na nguzo, huenda ni wa mzigo, na hapo modeli za uzee hazina kazi: mwite mhandisi leo. Ukiona ringi zimekatika, vilevile. Na balkoni inayoning'inia siisamehe hata kidogo, kwa kuwa nondo zake kuu ziko juu, pale maji yanapotuama, na ikianguka haiombi ruhusa.

Arusha na Moshi zinatofautiana kwenye hesabu?

Ndiyo, na tofauti ndani ya mji mmoja inaweza kuizidi ile ya kati ya miji. Arusha iko mwinuko wa kama mita 1,400. Moshi haifiki 1,000 na joto lake linajulikana. Joto linaharakisha kutu. Ila mwenye usukani ni unyevu, na unyevu una hila yake. Hewa ukaa inapenya haraka zaidi hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 50 hadi 70. Zege likijaa maji, hewa haipiti. Likikauka mno, kemia inasimama. Kutu nayo inataka maji zaidi ya hapo.

Kwa hiyo nguzo ya ndani ya sebule inaweza kuwa imebadilika hadi kwenye nondo na isiote kutu miaka 40, maana ni kavu. Ukuta wa kaskazini wa nyumba ya Marangu uliolowa mwaka mzima, mpaka unautambaa polepole. Anayepata tabu ni wa katikati: kingo ya paa, balkoni, ngazi za nje, slabu chini ya bafu linalovuja. Masika inalowesha Machi hadi Mei, kiangazi kinakausha, vuli inarudi. Kiangazi kinafungulia hewa mlango, mvua inamletea chakula adui aliyeingia. Hali hiyo viwango vya Ulaya vinaiita daraja XC4, na ndiyo ninayoitumia kwa karibu kila kitu cha nje huku kwetu.

Pahala pengine pa kuangalia ni jiko la kuni la shule. Moshi wake una hewa ukaa nyingi mno, na bimu iliyo juu ya jiko hilo inazeeka kivyake. Sijui kwa nini wachoraji wengi wanaliweka chini ya slabu.

Hewa ya dunia nayo imebadilika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 hewa ukaa ilikuwa kama sehemu 315 katika milioni, sasa imepita 420. Kina kinafuata kipeuo cha pili cha kiasi hicho, kwa hiyo zege lilelile lingezama kama asilimia 15 zaidi kwa hewa ya leo. Si jambo la kutisha. Ndoo ya pili ya maji inaharibu zaidi.

Nimepakua programu ya bure ya Life-365. Inafaa?

Ni programu nzuri ya kukadiria umri wa zege lenye nondo, ila imetengenezwa Amerika Kaskazini kwa ajili ya chumvi: ya bahari na ile wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu. Inasimama juu ya kanuni ya msambao ya Adolf Fick ya mwaka 1855, inayoeleza jinsi kitu kinavyosambaa ndani ya kingine. Ukiijazia taarifa za Arusha bila chumvi itakuambia jengo haliguswi, na utaamini uongo, kwa sababu haimhesabu hewa ukaa. Modeli za kugandisha na kuyeyusha maji nazo hapa hazina kazi, labda ujenge kule juu Kibo. Kwa wanafunzi: jedwali la kompyuta lenye safu nne, yaani kava, kina, miaka na mahali, litakufaa zaidi.

Chumvi yaweza kuingia kwa mlango wa nyuma, hata hivyo. Dawa za zamani za kuharakisha zege kukauka zilikuwa na kalsiamu kloraidi. Ukiwa na jengo la zamani lenye mashimo ya kutu makali huku kina cha mpaka ni kidogo, pima kloraidi.

Mchanga wetu mweusi na kokoto za volkano ni salama?

Jibu fupi: baadhi, na huwezi kujua kwa macho.

Jibu refu ni kwamba miamba ya volkano inaweza kuwa na kioo cha asili, na kioo hicho kinaweza kupambana na alkali ya saruji kikatoa ute unaonyonya maji na kuvimba. Thomas Stanton alilieleza jambo hilo California mwaka 1940. Dalili yake ni nyufa za mtandao, kama udongo wa mbuga uliopasuka kiangazi, na huonekana zaidi pale penye unyevu wa kudumu: misingi, matangi, kuta za kuzuia udongo. Ule mpaka wa hewa ukaa hauhusiki kabisa, na kanuni ya kipeuo cha pili usiipeleke huko. Modeli zake zinafuata uvimbe, na zinahitaji kipimo cha maabara ambapo kipande kirefu cha zege kinakaa kwenye nyuzi joto 38 mwaka mzima. Kikipita asilimia 0.04 ya kurefuka, tafuta machimbo mengine au badili saruji. Kuna kipimo cha haraka cha wiki mbili kwenye nyuzi 80, ila ni kikali na hulaumu hata mawe yasiyo na hatia.

Sasa ajabu yake. Volkano hiyohiyo ikisagwa kuwa unga laini na kuchanganywa kwenye saruji, inazuia ugonjwa huo. Ndiyo pozolana. Warumi walijenga nayo, na kuba lenye upana wa mita 43 la hekalu lao la Pantheon, Roma, limekaa karibu miaka 1,900. Watu hunitajia kuba hilo kila wanapotaka kuicheka saruji ya leo. Nawajibu kwamba halina nondo. Bila nondo hakuna kutu, na nusu ya ukurasa huu isingekuwepo. Pozolana ina bei yake pia: inakula chokaa ileile inayopunguza mwendo wa hewa ukaa, kwa hiyo saruji yenye pozolana nyingi isipomwagiliwa vizuri inaweza kuwa na k kubwa.

Maji yetu yana floraidi. Yanakula zege?

Yanakula meno. Kwa zege, floraidi ya kiasi kinachopatikana kwenye maji ya visima vya kwetu si tatizo, maana ikikutana na kalsiamu inatulia. Ogopa maji yenye magadi mengi, chumvi, tope au sukari. Sukari kidogo tu inafanya zege ligome kukauka, kwa hiyo pipa lililobeba molasi lisibebe maji ya kukorogea.

Mnapima nini mkija?

Kava, kwa kifaa cha kutafuta nondo, sehemu nyingi kadiri tunavyoweza. Kina cha mpaka, kwa kuchimba tundu dogo na kupuliza dawa ya fenoliftalini: zege lenye alkali linageuka rangi ya zambarau-pinki, lililobadilika linabaki kijivu. Wenye nyumba hupenda kuangalia hilo. Lazima tundu liwe bichi na vumbi lipulizwe, la sivyo dawa inadanganya. Penye mashaka tunapima volti kati ya nondo na elektrodi ya shaba. Ikisoma chini ya hasi milivolti 350, uwezekano wa kutu kuwa kazini unapita asilimia 90.

Nyundo ya Schmidt, ya kupimia ugumu wa zege, tunaibeba, lakini kwa jengo la zamani siiamini peke yake. Nilisema hewa ukaa inaufanya uso wa zege uwe mgumu. Nyundo inagonga uso huo, inaruka juu, na kukuambia zege ni imara kuliko lilivyo ndani.

Halmashauri ina makalavati mia. Tuyachimbe yote?

Hapana. Kwa vitu vingi vya aina moja tunatumia mnyororo wa Markov. Unayapa daraja kwa macho, kutoka zuri hadi bovu, kisha unakadiria uwezekano wa kushuka daraja kila mwaka. Kama ni asilimia 5, basi katika makalavati 100 mazuri ya leo, baada ya miaka 10 yatabaki kama 60, na baada ya miaka 20 kama 36. Inatosha kupanga bajeti. Haitoshi kukuambia ni lipi litakaloanguka, na ina kasoro moja kubwa: haina kumbukumbu. Kwake kalavati lililoingia daraja la pili jana na lililokaa humo miaka 30 ni sawasawa. Pia inahitaji ukaguzi wa miaka kadhaa uliofanywa kwa kipimo kimoja. Mkaguzi wa mwaka huu akiwa mkali na wa mwaka juzi alikuwa mpole, modeli itasoma ukali ule kama uchakavu.

Akili mnemba haiwezi kutufanyia yote haya?

Inasaidia kutambua nyufa kwenye picha. Kukadiria umri inahitaji vipimo vya majengo mengi ya hapa, na hivyo hatujavikusanya.

Lipu na rangi vinaongeza umri?

Vinaongeza. Lipu nzuri ni safari ya ziada kwa hewa ukaa, na zipo rangi maalumu za kuizuia ambazo bado zinaruhusu zege kupumua. Ila kupaka juu ya nondo iliyokwisha kuanza kutu ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba.

Michoro yangu inasema umri wa miaka 50. Ikiisha je?

Hakuna kinachotokea siku hiyo. Miaka 50 ni makusudio ya msanifu kwa majengo ya kawaida katika viwango vya Ulaya. Madaraja hupewa 100. Daraja la Morandi la Genoa, Italia, lilifunguliwa mwaka 1967 na kuanguka Agosti 2018 likaua watu 43, likiwa halijatimiza hata miaka 51. Na ziko nyumba za wakati wa mkoloni mjini Moshi ambazo zimepita miaka hiyo na bado zinalipiwa kodi. Kipo cha kufanya mwaka wa 50, hata hivyo, na mwaka wa 20 ni bora zaidi: pima k yako, urudi baada ya miaka mitano upime tena tundu la jirani. Nukta mbili zinaibana modeli kuliko nukta moja na nadharia kumi.

Nitume nini kabla hamjaja?

Mwaka zege lilipomwagwa, si mwaka mliohamia. Picha za kila upande, na moja ya chini ya balkoni. Jina la mtaa, tujue mvua inatoka wapi. Kama fundi aliyejenga bado yupo, namba yake. Na mama, tafadhali, usipake rangi wiki hiyo.